Kabati la Mashuka Katika Nyumba ya Fundi Saa

JE, umepata kutembelea jumba la makumbusho? Wengi wetu tusikiapo maneno hayo hufikiria taji za wafalme, panga za kale, na picha za mabwana wakubwa. Lakini katika mji wa Haarlem, nchini Uholanzi, ipo nyumba ya makumbusho isiyo na taji wala upanga. Wageni hupanda ngazi nyembamba mpaka ghorofa ya juu kabisa, na huko juu huinama kutazama kabati la kuwekea mashuka.

Kwa nini watu wasafiri kutoka nchi za mbali ili waone kabati la mashuka? Twakualika uingie pamoja nasi, chumba kwa chumba, upate jibu.

Nyumba Juu ya Duka

Haarlem ni mji wa kale ulio karibu na Amsterdam, na safari ya gari-moshi kati ya miji hiyo miwili haifiki nusu saa. Kutoka stesheni tulitembea kwa miguu kuelekea uwanja wa soko, panaposimama kanisa kubwa la Mtakatifu Bavo. Kabla ya kufika uwanjani, katika barabara nyembamba ya maduka iitwayo Barteljorisstraat, tuliikuta nyumba namba 19. Mpita njia angeiona kuwa duka tu, lenye makazi ya familia juu yake.

Hapo ndipo Willem ten Boom alipofungua duka la saa mwaka 1837. Mwanawe Casper, aliyezaliwa mwaka 1859, alirithi kazi hiyo. Casper na mkewe Cor walilea watoto wanne: Betsie, Willem, Nollie, na kitindamimba wao Corrie. Willem huyu wa pili akawa mchungaji, Nollie akaolewa na kuhamia nyumba yake mjini humo humo, na Betsie na Corrie hawakuolewa. Corrie alijifunza kazi ya baba yake, na mwaka 1922 akawa mwanamke wa kwanza nchini Uholanzi kupata leseni ya fundi saa. Betsie, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni, ndiye aliyekuwa mtunza nyumba. Wenyewe waliiita nyumba yao “Beje,” kwa kulifupisha jina la barabara.

Kiongozi wetu alituonyesha jambo ambalo hatungelitambua wenyewe. Beje si nyumba moja bali ni mbili zilizounganishwa zamani, na sakafu zake hazilingani. Ngazi inapinda katikati, na kila ukipinda unakuta mlango mahali ambapo hukuutazamia. Mtu mgeni hawezi kusema kwa hakika chumba kipi kinaishia wapi. Fundi wa leo angeona hiyo ni kasoro, lakini ilikuja siku ambapo kasoro hiyo iliokoa watu.

Meza Isiyojaa

Katika chumba cha kulia tulisimama kando ya meza ya familia. Mapato ya fundi saa hayakuwa makubwa. Hata hivyo, watoto walipokuwa wadogo, waliishi hapo pia dada watatu wa mama yao, na kila mmoja alikuwa na mahali pake mezani. Cor alifariki mwaka 1921, na baada ya yeye na dada zake kuondoka, vyumba vyao havikukaa vitupu. Casper na binti zake walichukua watoto wa wamishonari waliokuwa kazini ng’ambo, wakawalea kama wao.

Corrie aliongoza vikundi vya wasichana mjini Haarlem. Tena kwa miaka mingi aliendesha ibada kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, ambao wakati huo wengi waliwaona kuwa hawawezi kufunzwa lolote. Kila siku, asubuhi na jioni, Casper alisoma Biblia, na yeyote aliyekuwamo nyumbani, awe mwana, mgeni, au kibarua wa dukani, alisikiliza.

Tuliambiwa pia kwamba mwaka 1844 Willem, yule mwanzilishi wa duka, alianzisha kikao cha kila juma cha kuwaombea Wayahudi na kuiombea Yerusalemu amani. Jambo hilo halikuwa la kawaida siku hizo, lakini lilikaa katika familia. Mjukuu wake Corrie alikamatwa katika nyumba hiyo hiyo miaka 100 baadaye, kwa sababu ya Wayahudi.

Twataja mambo hayo kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba mashujaa huzaliwa siku moja, hatari inapotokea. Katika Beje tuliona vingine. Milango ya nyumba ile ilikuwa imezoea kufunguliwa muda mrefu kabla ya vita.

Mlango Wabishwa

Majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi Mei 10, 1940, na baada ya siku chache nchi ikasalimu amri. Wakati huo Wayahudi wapatao 140,000 waliishi nchini humo. Kwanza walikatazwa kazi fulani, kisha bustani, kisha maduka. Mei 1942 waliamriwa washone nyota ya manjano juu ya nguo zao. Julai mwaka huo treni zilianza kuwapeleka mashariki, kwenye kambi za kuulia watu. Vita vilipokwisha, Wayahudi wapatao 102,000 wa Uholanzi walikuwa wameuawa, yaani karibu watatu katika kila wanne.

Mwaka huo wa 1942 mwanamke mmoja Myahudi alibisha mlango wa Beje akiwa na mkoba wake mkononi. Mume wake alikuwa amekamatwa, naye aliogopa kurudi kwake. Casper alikuwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Alimkaribisha, na Betsie akatandika kitanda. Baada ya siku chache wakaja wengine.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wageni hawa hawakuweza kushika jembe, wala kufua nguo uani, wala hata kuchungulia dirishani. Nao hawakujua kama wangekaa juma moja au miaka mitatu. Mama anayesoma haya na ajiulize: chakula kingetoka wapi?

Kadi 100 za Chakula

Wakati ule chakula kilinunuliwa kwa kadi za mgawo, na mtu aliyejificha hakuwa na kadi. Corrie alimkumbuka Fred Koornstra, mtu ambaye zamani alikuwa akija Beje kusoma mita ya umeme, na ambaye sasa alifanya kazi katika ofisi ya kadi hizo. Walifahamianaje hata Corrie akathubutu kumwambia siri ya namna hiyo? Binti yake Koornstra alikuwa mmoja wa wale wenye ulemavu wa akili waliohudhuria ibada za Corrie kwa miaka mingi.

Corrie alikwenda kwake akiwa amekusudia kuomba kadi tano. Alipoulizwa idadi, akajikuta akitamka kwamba zinahitajika 100. Koornstra alipanga wizi wa uongo ofisini mwake, na ili aaminiwe akakubali kupigwa mpaka uso ukavimba. Kadi zikapatikana, na mwezi baada ya mwezi zikaendelea kuja.

Tulionyeshwa zilipofichwa. Kipandio cha chini kabisa cha ngazi kilifunguka kama kifuniko cha sanduku, na kadi zilikaa ndani yake. Kila aliyepanda ngazi ile, adui na rafiki, alikanyaga chakula cha watu 100.

Hatukuweza kuacha kumfikiria binti yule wa Koornstra. Corrie alipokuwa akimfundisha kwa uvumilivu, Jumapili baada ya Jumapili, hakuna aliyeweza kujua kwamba wema ule mdogo ungekuja kulisha watu wengi namna hiyo.

Ukuta Katika Chumba cha Kulala

Sasa tulipanda hadi juu kabisa, kwenye chumba cha Corrie. Ni chumba kidogo, nacho kilichaguliwa kwa sababu moja: askari wakiingia kwa mlango wa chini, hapo ndipo wangechelewa zaidi kufika.

Mchoraji wa majengo aliyekuwa katika kundi la siri la upinzani alikuja na kupima. Kisha kwa siku kadhaa wanaume waliingia dukani kama wateja. Mmoja alibeba matofali ndani ya mkoba wake wa kazi, mwingine alileta chombo cha uashi kilichoviringishwa ndani ya gazeti. Hatimaye ulisimama ukuta mpya upande wa nyuma wa chumba, na nyuma yake pakabaki nafasi yenye upana wa sentimeta 75 hivi. Ukuta ulijengwa kwa matofali ili ukigongwa usitoe sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Ulipakwa rangi na kutiwa madoa ya maji na uchakavu, mpaka ukaonekana kuwa na umri sawa na nyumba yenyewe.

Na mlango wa kuingilia? Hapo ndipo kabati la mashuka lilipokuwa na kazi. Lilikuwa na rafu za kawaida, zenye mashuka na blanketi zilizokunjwa. Chini ya rafu ya chini kabisa kulikuwa na ubao ulioweza kuinuliwa. Mtu alilala kifudifudi, akatambaa ndani, akaushusha ubao nyuma yake. Ndani kuliwekwa godoro, maji ya kunywa yaliyobadilishwa kila mara, na biskuti ngumu zisizoharibika. Tundu dogo la hewa lilipenya ukuta wa nje.

Leo pametobolewa shimo katika ukuta ule ili wageni waone ndani. Tulisimama humo kwa zamu, na muda mfupi tu ulitutosha. Ilikuwa vigumu kuwaza watu sita wakiwa wamesimama bega kwa bega gizani, wakijizuia hata kukohoa.

Sekunde 70

Kibao cha pembetatu cha kutangazia saa za aina ya Alpina kilisimamishwa dirishani. Kilipoonekana mahali pake, rafiki aliyekuwa nje alijua ni salama kuingia. Ndani ya nyumba kulifungwa kengele ya umeme, yenye vitufe vya kubonyezea sehemu mbalimbali, ili kuwaonya waliokuwa juu.

Kisha wakaanza mazoezi. Kengele ililia wakati wowote, mchana au usiku, na wageni walikimbia. Mara ya kwanza walitumia dakika kadhaa. Zoezi baada ya zoezi muda ukapungua, mpaka wakaweza kutoweka wote katika sekunde 70 hivi. Corrie alieleza kwamba nyakati nyingine alileta keki ili zoezi lisiwe la kutisha mno.

Lakini kutoweka hakukutosha, maana watu huacha alama. Na kila mama anazijua alama hizo! Sahani saba mezani na watu watatu waketio. Kikombe kingali cha moto. Godoro lenye joto la mtu aliyeamka sasa hivi. Hilo ilibidi ligeuzwe upande wa pili. Jivu la sigara katika nyumba ambamo hakuna mvutaji. Waliokuwa wakifundisha mazoezi hayo walikagua nyumba kwa jicho lile lile la mama anayekagua kabla mkwe hajafika, na hapa kosa moja dogo lingegharimu uhai.

Siku zilikuwa ndefu kwa watu waliofungiwa hivyo. Kwa hiyo jioni waliketi sebuleni na kupeana walichokuwa nacho: mmoja alifundisha Kiebrania, mwingine Kiitalia, mwingine alipiga muziki. Siku moja alitafutiwa mahali mwanamke mwenye pumu, Mary van Itallie. Pumzi zake zilisikika, na katika maficho yale sauti ya mtu mmoja ingeweza kuwaua wote. Kwa kuwa maisha yao ndiyo yaliyokuwa hatarini, wageni wenyewe waliulizwa. Walikuwa watu waliokwisha kukataliwa kwingi. Wakapiga kura, naye akakaribishwa.

Maswali Yasiyo Mepesi

Wasomaji wetu wasidhani kwamba waumini wote wa siku hizo walikuwa na nia moja. Corrie alisimulia juu ya mchungaji mmoja aliyefika dukani kutengenezewa saa. Corrie alimwomba ampokee nyumbani kwake mama Myahudi na mtoto wake mchanga, akaenda juu akamleta yule mtoto. Mchungaji alimtazama, akaona huruma, lakini akakataa: wangeweza kuuawa kwa ajili ya mtoto yule. Mzee Casper aliingia, akampokea mtoto mikononi mwake, akasema kwamba kufa kwa sababu hiyo angekuona kuwa heshima kubwa kwa familia yake.

Je, tumhukumu mchungaji yule? Tulipozungumza njiani, baadhi yetu tulisita. Mama mwenye watoto wake wanne ndani ya nyumba ana haki ya kuwaweka hatarini kwa ajili ya mtoto wa tano asiye wake? Ni swali zito, na hatukuona kwamba makumbusho yale yanalijibu kwa wepesi.

Hata ndani ya familia hawakukubaliana katika kila jambo. Nollie, dada yao aliyeolewa, aliazimia kutosema uongo kamwe. Polisi walipoingia kwake na kuuliza kama msichana aliyekuwapo ni Myahudi, alijibu kweli. Wote wawili wakachukuliwa. Corrie, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuficha, alihuzunika na hata kukasirika. Siku chache baadaye wapinzani wa siri walimtorosha yule msichana pamoja na wengine, na Nollie naye akafunguliwa kwa wakati wake. Mambo yaliishia vizuri, lakini tofauti ya mawazo kati ya dada hao wawili haikufutika. Walibaki wakipendana hivyo hivyo.

Februari 28, 1944

Siku hiyo Corrie alikuwa kitandani kwa homa ya mafua makali. Mtu asiyemfahamu alikuja dukani akasema mke wake amekamatwa kwa kuwaficha Wayahudi, na kwamba anahitaji gilda 600 za kumhonga polisi. Corrie hakumwamini sana, lakini hakuweza kumnyima mume anayemlilia mkewe. Aliahidi fedha. Mtu yule alikuwa msaliti.

Baadaye Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walivamia. Kengele ililia. Watu sita, yaani Wayahudi wanne na wapinzani wawili, walipita mbio kando ya kitanda cha Corrie, wakatambaa ndani ya kabati. Askari walipiga kuta, wakapasua mbao, wakawapiga Corrie na Betsie ili waseme maficho yako wapi. Hawakusema.

Kibao cha Alpina kilirudishwa dirishani na askari wenyewe. Basi marafiki waliendelea kuja bila kujua, mmoja mmoja, na kila aliyeingia alikamatwa. Kufikia usiku watu wapatao 30 walikuwa wametiwa mbaroni. Walipelekwa kituo cha polisi, na huko mzee Casper akawasomea Zaburi kwa moyo, kwa kuwa Biblia haikuwapo.

Nyumba iliwekewa walinzi. Maofisa walisema kama Wayahudi wamo ndani, basi watakaa humo mpaka wawe maiti. Lakini baada ya saa 47 hivi, polisi Waholanzi waliokuwa upande wa upinzani walipata zamu ya ulinzi, wakawafungulia. Wote sita walitoka hai.

Corrie alizipataje habari hizo, naye yumo gerezani peke yake? Nollie, aliyekwisha kuachiliwa, alimwandikia barua ya kawaida. Corrie aliona kwamba mwandiko wa anwani umeinamia stempu. Akaibandua kwa maji, na chini yake akakuta maneno madogo yakimwarifu kwamba saa zote zilizokuwa kabatini mwake ziko salama.

Gharama Yake

Hatungekutendea haki, msomaji mpendwa, kama tungeishia hapo.

Casper alikuwa na miaka 84. Kwa sababu ya uzee wake, ofisa mmoja alitaka kumrudisha nyumbani, mradi aahidi kutoleta matata tena. Alijibu kwamba akirudi leo, kesho atamfungulia mlango yeyote atakayebisha. Alikufa akiwa mfungwa baada ya siku 10, Machi 9, 1944.

Betsie na Corrie walipelekwa gereza la Scheveningen, kisha kambi ya Vught, na Septemba 1944 kambi ya wanawake ya Ravensbrück, nchini Ujerumani. Huko Scheveningen, Corrie alipitishwa siku moja mbele ya seli ya Betsie na kuona kwa nukta chache namna alivyoipanga: magodoro ya majani yamekunjwa na kusimamishwa vizuri, makoti yametundikwa kwa mpango, kitambaa kimepamba ukuta. Betsie alikuwa ameigeuza seli kuwa nyumbani. Alikufa Ravensbrück Desemba 16, 1944, akiwa na miaka 59. Siku chache baadaye Corrie aliachiliwa, kwa kosa la karani kama alivyokuja kufahamu.

Mwana wa kaka yao Willem, kijana aitwaye Kik, hakurudi kutoka kambini. Willem mwenyewe alikufa mwaka 1946 kwa ugonjwa alioupata kifungoni. Hivyo familia moja ililipa uhai wa watu wanne. Kwa upande mwingine inakadiriwa kwamba kwa jitihada zao na za marafiki wao, Wayahudi wapatao 800 waliokolewa.

Mlango Ule Ule

Labda jambo lililotushangaza zaidi lilitokea baada ya vita. Waholanzi waliowasaidia Wanazi walichukiwa mno. Walifukuzwa makwao, na hakuna aliyetaka kuwapangisha. Corrie, ambaye sasa alikuwa na nyumba bila baba na bila dada, aliifungua Beje iwe makao ya watu hao. Nyumba iliyowaficha waliowindwa ikawapa pa kulala watu wa upande wa wawindaji. Alimwandikia barua ya msamaha hata yule mtu aliyewasaliti. Huko Bloemendaal, karibu na Haarlem, alianzisha makao ya watu waliovunjwa moyo na kambi, jambo ambalo Betsie alikuwa amelitamani hata kitandani mwa ugonjwa.

Kisha akaanza kusafiri. Alifika zaidi ya nchi 60, akawa hata na kipindi cha mapumziko Uganda, kando ya Ziwa Viktoria. Mikutanoni alizoea kuonyesha kitambaa kilichodariziwa. Upande wa nyuma ulikuwa nyuzi zilizofungamana ovyo. Alipokigeuza, ilionekana taji. Mwaka 1967 Israeli ilimtambua rasmi kuwa mmoja wa watu wa mataifa waliowaokoa Wayahudi. Mwaka 1971 kitabu chake The Hiding Place kilichapishwa, na mwaka 1975 kikatengenezewa filamu. Alikufa Aprili 15, 1983, siku alipotimiza miaka 91. Nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1988.

Twaweza Kujifunza Nini?

Wengi wetu hatutaombwa kujenga ukuta wa siri. Lakini tuliposhuka ngazi za Beje, tukikanyaga kwa uangalifu kile kipandio cha chini, tulikuwa tumeona kwamba silaha za nyumba ile zilikuwa mashuka yaliyokunjwa, sahani zilizohesabiwa, kitanda cha ziada, na meza ambayo haikujaa kamwe. Ni vitu ambavyo akina mama hushughulika navyo kila siku, na mara nyingi hakuna anayesema ahsante.

Basi zipo hatua ndogo zinazowezekana. Je, watoto wako wanajua kwamba mgeni akija, hata asiye na jina, anapewa mahali mezani? Je, yupo jirani mwenye mtoto mlemavu ambaye hakuna amtembeleaye? Je, yupo mjane, mkimbizi, au msichana aliyefukuzwa kwao, ambaye anazunguka mtaani mwenu akitazama milango ipi inafunguka? Zungumza na mume wako kabla siku ya shida haijafika, kwa maana siku hiyo nafasi ya kushauriana huwa ndogo. Semezaneni pia juu ya gharama, bila kuificha. Casper na binti zake waliijua.

Na jioni ya leo, unapokunja mashuka na kuyapanga kabatini, huenda ukaikumbuka nyumba namba 19, na kuliweka shuka moja la ziada upande ambapo mkono utalifikia upesi.